Maombolezo (Cyanzarwe, Rwanda)

Cyanzarwe ni sekta ya wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi, karibu na mji wa Gisenyi na mpaka wa Kongo. Kama kwingineko Rwanda, anayefiwa haachwi peke yake. Wakirudi kutoka makaburini, watu hunawa mikono pamoja na kugawana kinywaji. Huwapo pia *ikiriyo*, siku za matanga ambapo majirani hushinda na wafiwa, huwapikia, huota nao moto usiku. Zamani hata jembe liliwekwa chini mpaka msiba uondolewe kwa ibada ya *kwera*. Siku hizi matanga mengi huchukua kama wiki moja, muda mfupi mno kwa moyo, kwani majonzi hayafuati kalenda: usingizi hupotea, hasira na hatia huja, hutulia, kisha hurudi.

Msiba mgumu zaidi ni ule usio na maiti ya kuzika. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, manusura wengi walikosa mabaki ya ndugu zao. Baadhi waliyapata tu wahusika wa mauaji walipotaja mashimo ya miili mbele ya Gacaca, mahakama za kijamii zilizofungwa mwaka 2012. Kumbukumbu ya taifa huanza kila tarehe 7 Aprili. Siku hizo wengine hupatwa na *ihahamuka*: hupiga kelele, hutetemeka, hukimbia kana kwamba wauaji wamerudi. Wasaidizi huwashika taratibu, huwatoa penye umati na kukaa nao. Kuwaambia wanyamaze ni kuwaumiza upya.