Redio ndogo ya CB ndani ya gari la kanisa: kuichagua na kuifunga

Redio ya CB ni mashine ya kusemezana kwa umbali mfupi. Inatumia mawimbi ya megahezi 27 hivi, yanayoitwa pia ya mita 11, na haihitaji mnara wa simu wala unite. Ilianza Marekani, mfumo wa megahezi 27 unaojulikana leo uliwekwa mwaka 1958, na tangu 1977 mashine za huko zina chaneli 40. Madereva wa malori ndio walioifanya ijulikane duniani. Kwetu Kongo watumishi wa kanisa wamezoea zaidi foni, ile mashine kubwa ya kituo cha afya au ya ofisi ya jumuiya, na wengi huuliza kama CB inaweza kuchukua nafasi yake.

Haiwezi. Foni inafika mamia ya kilometa kwa sababu mawimbi yake hurudishwa na anga. CB yenye wati 4 iliyofungwa ndani ya gari inafika kilometa tano mpaka kumi mahali pa wazi, na msituni au kati ya milima mara nyingi ni mbili au tatu tu. Kazi yake ni nyingine: kuunganisha magari yanayosafiri pamoja. Gari la mbele limekuta daraja limevunjika, la nyuma limezama matopeni na kona tatu zinawatenganisha, simu haishiki. Hapo ndipo CB inapookoa saa nzima, na kama ndani ya gari kuna mama aliyeshikwa na uchungu, saa moja si kitu kidogo. Kwa kanisa lenye gari moja tu linalosafiri peke yake, sishauri kuinunua. Fedha hizo ziende kwenye foni au simu ya setilaiti.

Jambo moja linachanganya wengi. Jua linapokuwa na nguvu, kama miaka hii ya karibuni, mawimbi ya mita 11 nayo huruka mbali sana. Mchana utasikia watu wa nchi za mbali wakisema lugha usiyoijua, wakati mwenzako aliye kilometa 15 nyuma husikii neno lake hata moja. Mashine haijaharibika. Isipokuwa usitegemee sauti hizo kwa kuomba msaada; zinakuja na kuondoka kama zinavyotaka.

Katika kuchagua, udogo una faida ya kweli. Ndani ya Land Cruiser yenye watu wanane na katoni za dawa, mashine kubwa hupigwa magoti na kuvunjwa. Kuna aina ambayo vitufe vyote viko kwenye kipaza sauti, na sanduku lenyewe linafichwa chini ya kiti. Ni nzuri, lakini kipaza sauti kikianguka na kukatika waya, redio yote imekufa, na kukipata kingine si rahisi. Mimi ningependa zaidi ile ya kawaida iliyo fupi, yenye kishikizo ambacho dereva anaweza kuilegeza jioni na kuingia nayo nyumbani.

Kubwa kuliko udogo ni hili: nunueni mashine za aina moja kwa magari yote. Nyingi za zamani za Marekani zinasema kwa AM peke yake, wakati nyingi za Ulaya zina FM pia. Mmoja akiwa FM na mwingine AM, hawataelewana hata wakiwa kiwanja kimoja. Vilevile mashine iliyowekwa kwa utaratibu wa Uingereza inaweza kuwa kwenye chaneli zao za pekee, zilizo juu kidogo ya megahezi 27.6, namba itasoma 1 lakini si ileile 1 ya wengine. Zawadi za rafiki wa ng'ambo hupokelewa kwa shukrani, ila mwulizeni mapema analeta gani.

Sasa umeme. Karibu mashine zote hizi ni za volti 12. Malori makubwa, na baadhi ya magari ya kazi, yana volti 24. Pimeni kwa mita kabla ya kuunganisha, msiamini maneno ya aliyewauzia. Mafundi wengi wakikuta betri mbili huchukua waya kutoka betri moja ili wapate 12. Redio itafanya kazi, lakini betri ile moja inaliwa, nyingine inajazwa kupita kiasi, na baada ya miezi zote mbili zimekufa. Weka kigeuzi cha 24 kwenda 12. Cha ampea 5 kinatosha, kwa kuwa mashine yenye wati 4 hutumia ampea mbili hivi inaposema.

Waya utoke moja kwa moja kwenye betri, mwekundu kwa chanya, mweusi kwa hasi, kila mmoja na fyuzi karibu na betri. Kuchukua umeme kwenye kiberiti cha gari ni rahisi, ila waya wake hulegea kwa mitikisiko na huleta mvumo. Pale waya unapopita kwenye ukuta wa injini, weka pete ya mpira. Bati lisilo na mpira hukata ngozi ya waya polepole, na gari nyingi zimeungua kwa sababu ndogo kama hiyo.

Fedha zenu nyingi ziende kwenye antena. Mashine ya bei nafuu yenye antena nzuri itaishinda ya bei kubwa yenye antena mbovu, kila mara. Robo ya wimbi la mita 11 ni karibu mita 2.7, urefu ambao hakuna anayeutaka juu ya gari, kwa hiyo antena za kawaida zimefupishwa kwa kuzungushwa koili. Ya mita moja mpaka moja na nusu inafaa. Vile vijiti vya sentimeta 30 vinapendeza macho tu.

Mahali pazuri kabisa ni katikati ya paa la bati, kwa sababu bati ni nusu ya pili ya antena. Ukiifunga pembeni ya bampa ya mbele, itasikika vizuri zaidi upande mmoja, nayo huumizwa kwa urahisi. Penye kerieri ya aluminiamu, hakikisha kerieri imegusana na mwili wa gari. Kama haigusani, unganisha kipande cha waya mnene. Kwangua rangi mpaka bati lionekane chini ya kishikizo, kaza, kisha paka grisi kuzuia kutu. Antena ya sumaku ni ya haraka na haitobolei paa, lakini tawi moja la njia ya msituni litaing'oa. Kwa barabara zetu weka springi chini ya kijiti, na uwe na kijiti cha akiba nyuma ya kiti.

Kebo ya antena iwe ya omu 50, kama RG-58. Kebo ya televisheni inafanana nayo kwa macho, ila ni ya omu 75. Isibanwe na mlango. Ukimaliza kuunganisha plagi, toa antena upime kwa mita: waya wa kati usigusane na ganda la nje. Uzi mmoja mwembamba wa shaba uliovuka unatosha kuharibu yote.

Kabla ya kusema neno hewani kuna kipimo kimoja ambacho hakirukwi. Vitabu vya Kifaransa hukiita TOS, mashine za Kiingereza huandika SWR. Kinaonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi badala ya kutoka. Weka gari uwanjani, mbali na ukuta na miti, milango imefungwa. Pima chaneli ya 1, ya 20 na ya 40. Chini ya 1.5 ni safi, mpaka 2 mnaweza kusafiri, ikifika 3 acheni kusema kabisa kwa maana mashine itaungua. Kipimo kikiwa kikubwa kwenye 40 kuliko kwenye 1, antena ni ndefu mno, ifupishwe kwa milimeta chache chache. Kikiwa kikubwa kwenye 1, ni fupi, irefushwe. Kikiwa kikubwa kila mahali, tatizo si urefu; rudi kwenye bati, plagi na kebo. Na kamwe usibonye kipaza sauti bila antena, hata kwa kujaribu.

Ukisikia mvumo unaopanda na kushuka pamoja na injini, chunguza waya wa umeme na altaneta. Lakini kwanza chomoa chaja ya simu. Mara nyingi ndiyo mkosaji.

Limebaki jambo ambalo kwetu mashariki ni zito kuliko wati na volti. Mtu mwenye silaha akiona kipaza sauti na antena ndefu, hafikiri habari ya wagonjwa. Mwaka 1964 daktari mmisionari Paul Carlson wa Wasolo alishitakiwa kuwa mpelelezi, akauawa Stanleyville, Kisangani ya leo, tarehe 24 Novemba. Na siku zile mashine za kusema za misheni zilitazamwa kwa mashaka makubwa. Mashaka hayo hayajaisha. Wanaosimamia mawimbi nchini ni ARPTC, na sheria ya mawasiliano ni namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Ofisi ya jumuiya iwaandikie kabla ya kununua, si baada ya mashine kushikwa. Nakala ya karatasi ikae ndani ya kila gari, na dereva akiulizwa kwenye bariera aonyeshe mashine waziwazi, aeleze inafanya nini, aizime akiambiwa. Kuificha ndiko kunakoleta shida.

Hewani kila mtu anasikia. Msitaje jina la mgonjwa, mishahara ya walimu iliyo ndani ya gari, wala saa mtakayopita mahali fulani. Habari za askari, wa upande wowote, zisipite kabisa kwenye redio ya kanisa, hata kwa mafumbo. Mafumbo yanatia hofu kuliko maneno wazi. Sema kwa kifupi: nani anaita, yuko hali gani, anahitaji nini. Kisha achia kitufe, maana ukikishikilia humsikii mwenzako.

Baada ya juma la kwanza barabarani, kaza tena nati zote za antena na za betri, na upime TOS upya.