Kuku wa Walima na Kabati la Viungo la Bibi

Bibi harusi akipanga walima, kitu cha kwanza jikoni ni kuku. Siku hizi kuna na swali la kunong'ona: "Kuku hawa wa kisasa wanalishwa nini?" Swali hili lina historia, na mwanzo wake ni mwanamke.

Mwaka 1923, Bi Cecile Steele wa Delaware, Marekani, aliagiza vifaranga 50 vya kutaga. Kwa makosa akaletewa 500. Hakuvirudisha, alivilea akaviuza kwa nyama, akapata faida. Kufikia 1926 alikuwa na banda la kuku 10,000, na majirani wakamfuata.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti Thomas Jukes na Robert Stokstad waliona kwamba vifaranga vilivyolishwa mabaki ya utengenezaji wa antibayotiki vilikua haraka zaidi. Basi dawa kidogo kila siku ikawa desturi, hata kwa kuku mzima. Ubaya wake ni kwamba vijidudu huzoea dawa, kisha mtoto wako akiumwa, dawa za aina hiyo hazimsaidii. Sweden ilipiga marufuku mtindo huo 1986, na Umoja wa Ulaya 2006.

Ndipo wafugaji na watafiti wakageukia tulivyonavyo kabatini: karafuu, thomu, manjano, mdalasini, pilipili manga, habasoda. Karafuu, iliyoipa Unguja na Pemba jina tangu enzi za Sayyid Said, ina mafuta yanayozuia bakteria. Vikisagwa na kuchanganywa kidogo kwenye chakula, viungo hivi vinatarajiwa kusaidia utumbo wa kuku. Lakini tuseme kweli: majaribio mengine yameonyesha uzito kuongezeka, mengine hayakuonyesha tofauti. Na viungo vikali vikizidi, kuku hupunguza kula. Havichukui nafasi ya chanjo wala usafi wa banda.

Kwa hiyo, bibi harusi, usiishie kuuliza nani kachinja. Muulize mfugaji: kuku hawa walipewa dawa lini mara ya mwisho, na siku za kungoja kabla ya kuchinja zimetimia? Chakula chetu kinatakiwa kiwe halali, na pia kiwe twayyib. Mgeni wa walima ni amana.