Lebo za temino katika paneli za umeme wa mashine

Temino ni mahali ndani ya paneli ambapo waya unaotoka nje, kwenye mota, swichi au kihisio, hukutana na waya wa ndani. Mafundi wengi wa Dar es Salaam huiita konekta. Temino hupangwa kwa safu juu ya reli ya chuma yenye upana wa milimita 35, ubavu kwa ubavu, na hata paneli ya mashine ya kawaida huwa nazo makumi, zote za sura moja na kijivu kilekile. Kinachoitofautisha moja na jirani yake ni lebo tu. Njia za kuziandika ni nyingi: maka peni juu ya tepu ya karatasi, vibao vidogo vya plastiki vinavyobanwa kichwani mwa temino, pete za njano zinazovishwa waya, mirija inayochapwa kwa mashine, mirija inayosinyaa kwa joto, na stika zenye utando wa kufunika maandishi. Kwa kawaida njia hizi hushindanishwa kwa swali la ipi inadumu zaidi. Kwa paneli zinazoundwa na kukarabatiwa katika karakana za Temeke na Kinondoni, swali hilo linafaa kuwa la pili. La kwanza ni hili: waya ukihamishwa, je, fundi aliyepo siku hiyo ataweza kubadili lebo palepale, kwa kitu kinachouzwa mjini?

Hoja hii inatokana na maisha ya paneli yenyewe. Paneli ya kiwanda kikubwa ina ofisi ya michoro nyuma yake. Waya ukihamishwa, mchoro nao hurekebishwa, au angalau yupo anayelipwa kuurekebisha. Paneli ya mashine ya kukoboa na kusaga mahindi Tandale, ya tanuri la mikate Mbagala au ya pampu ya kisima Tegeta haina ofisi hiyo. Ikishafungwa, huguswa na fundi yeyote anayepatikana siku mashine ilipogoma. Kontakta iliyoungua hubadilishwa kwa ya chapa nyingine kutoka Kariakoo, ambayo ncha zake saidizi zimepangwa tofauti. Taimu inaondolewa, swichi ya kina cha maji inaongezwa. Temino namba 14 iliyolegea mpaka ikayeyuka inaachwa, na waya wake unahamia 22. Mashine inanguruma, mteja analipa, mlango wa paneli unafungwa, na waya umebaki na mrija uliochapwa 14. Mrija huo ni imara. Hautafutika kwa miaka kumi, na kwa miaka kumi utakuwa ukisema uongo.

Uongo huo una gharama. Mota kubwa inayowashwa kwa nyota-delta hupelekewa nyaya sita, U1, V1, W1 na U2, V2, W2, zote za unene mmoja na mara nyingi za rangi moja. Mota ikipelekwa kusukwa upya, nyaya zote sita hufunguliwa na baadaye kurudishwa kwa kufuata lebo. Lebo zikiwa zimepotoka kiasi kwamba kontakta ya delta inaunganisha U1 na U2, V1 na V2, W1 na W2, ncha mbili za kila koili zinakaa kwenye fezi moja. Mota itaanza vizuri kwa nyota, taimu itaivusha kwenda delta, kisha mota itaishiwa nguvu na kusimama. Ovalodi haitashtuka, kwa kuwa hakuna mkondo unaopita kwenye koili. Itashukiwa taimu, kisha kontakta, kisha aliyesuka mota. Pete ya plastiki ya milimita chache ndiyo itakayoshukiwa mwisho. Kwenye pampu ya fezi tatu kosa ni jepesi zaidi na ndiyo maana ni baya zaidi: fezi mbili zikibadilishana, pampu huzunguka kinyume na bado hutoa maji, ila machache, na lawama huangukia kisima.

Mwenye kupenda kanuni atasema hapa kwamba suala limekwisha kuamuliwa. Kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine, IEC 60204-1, kinataka alama zisomeke, ziwe za kudumu na zifae mazingira ya mahali. Ni kweli, lakini kiwango hichohicho kinataka pia alama ya temino ilingane na mchoro, na waya utambulike katika kila ncha yake kulingana na mchoro huo. Kudumu ni sharti la wino, kulingana ni sharti la maana. Lebo inayosomeka vizuri sana huku ikipingana na mchoro imetimiza sharti jepesi na kuvunja lile zito.

Hii si hoja ya kutetea tepu ya karatasi. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu na chumvi ya bahari, ndani ya paneli iliyobandikwa ukuta wa mabati joto hupanda kupita la nje, na kwenye kinu vumbi la unga huingia kila penye tundu. Gundi ya tepu hulainika, ncha zinajikunja, na siku moja lebo tatu hukutwa zimelala chini ya paneli kama majani makavu. Maandishi ya maka peni huondoka kwa kitambaa chenye petroli au kwa dawa ya kusafishia kontakta. Ujanja wa kisasa nao una mtego wake: baadhi ya mashine za kuchapa lebo hutumia karatasi inayogeuka nyeusi kwa joto, bila wino. Kila mwenye duka anaijua karatasi ya aina hiyo, kwa kuwa ndiyo ya risiti za EFD, na anajua risiti inavyofifia baada ya miezi kadhaa. Mashine za utepe wa wino, zinazoyeyushia wino juu ya plastiki, ni bora zaidi. Tatizo lake ni kwamba utepe ukiisha na wa chapa hiyo usipopatikana, fundi hurudi kwenye maka peni.

Kwa vigezo hivyo, zinazobaki ni njia mbili za bei ndogo zinazotumika pamoja: kibao cha kubana kwenye temino, na pete za namba mojamoja kwenye waya. Ubora wa pete ni hesabu yake. Mifuko kumi, ya 0 hadi 9, inatosha kuandika namba yoyote ya waya. 14 ni pete ya 1 na pete ya 4, na ikigeuka 22 zinatolewa mbili na kuwekwa mbili. Pete iliyofungwa mzunguko lazima ivishwe kabla feruli, kile kimrija cha chuma, haijabanwa kwenye ncha ya waya, kwa hiyo kuibadilisha ni kukata feruli na kubana nyingine. Pete yenye mwanya, inayochomekwa ubavuni, hubadilishwa bila hata kufungua skrubu, lakini hutoka kwa mtikisiko ikiwa saizi yake imezidi waya. Katika mashine inayotikisika sana ile iliyofungwa ndiyo salama, na dakika mbili za kubana feruli si hasara.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaopendelea lebo ya mwelekeo, ile inayoandika ncha ya pili ya waya ilipo, kwa mfano X1:12, yaani temino ya 12 kwenye safu ya kwanza. Wanasema michoro hupotea, na lebo ya namna hii ni mchoro unaotembea na waya. Wako sahihi siku paneli inapotoka karakana. Lakini lebo hiyo husema mambo mawili badala ya moja, hivyo ina nafasi mbili za kukosea: waya ukihamishwa upande mmoja, lebo ya upande wa pili inakuwa ya uongo pasipo mtu kuigusa. Waya wenye namba yake mwenyewe, ileile ncha zote mbili, hauna udhaifu huo. Ama kupotea kwa mchoro, nakala yake iliyotiwa kwenye plastiki na kubandikwa ndani ya mlango ni tiba ya bei nafuu kuliko mashine yoyote ya kuchapa.

Wapo pia wanaoona rangi za nyaya zinatosha. Zingetosha kama nchi ingekuwa na mfumo mmoja. Kwenye mfumo wa zamani wa Kiingereza fezi ni nyekundu, njano na bluu, na nyutro ni nyeusi. Kwenye mpangilio wa IEC fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Nyeusi na bluu zimebadilishana kwa namna ya hatari, na paneli iliyokarabatiwa mara kadhaa huweza kuwa na mifumo yote miwili.

Limebaki jambo dogo ambalo pete hulifanya kuwa kubwa. IEC 60445 inakataza herufi I na O katika alama za temino zisichanganywe na 1 na 0, lakini 6 na 9 haziwezi kukatazwa. Pete zilizovishwa kichwa chini hugeuza 66 kuwa 99, na 68 kuwa 89. Pete nzuri huwa na mstari chini ya tarakimu hizo, na zisizo na mstari hazifai kununuliwa hata zikiwa rahisi. Kuziruka namba hizo na kuziacha temino zake kuwa akiba kunawezekana, mpaka siku akiba itakapohitajika.