Wakfu na sadaka katika elimu ya uuguzi Zanzibar

Katika barabara ya Mizingani, ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, limesimama jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa, ambalo hadi leo hujulikana kwa jina la Zahanati ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, aliyekusudia kuwajengea maskini hospitali kwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Topan alifariki mwaka 1891, ujenzi ukiwa haujakamilika. Jengo lilimalizika baadaye, likauzwa mwaka 1900, na lilichokuja kutoa kikawa zahanati badala ya hospitali iliyokusudiwa.

Kwa maadhimisho hayo hayo, wanawake wa Uingereza nao walichangishana. Pauni 70,000 za mchango wao hazikujenga hospitali. Ziliwekwa ziwe mtaji wa taasisi ya kuwaandaa wauguzi wa kuwahudumia maskini majumbani mwao, nayo ikapata hati ya kifalme mwaka 1889. Wauguzi wake walifika hadi katika visiwa vya Scotland, na kazi iliyoanzishwa kwa mchango huo ingali ikiendelea.

Topan hakuwa na nia hafifu. Pengine alitoa zaidi ya wengi wa wakati wake. Lakini sadaka yake ilikuwa imefungamana na uhai wake, ilhali ile nyingine iliwekewa chanzo cha mapato. Kwa elimu ya uuguzi, jambo hilo ni la msingi. Jengo hulipiwa mara moja. Mwanafunzi hulipiwa kila muhula.

Sensa ya mwaka 2022 iliihesabia Zanzibar watu 1,889,773, na kati yao zaidi ya laki tano wanaishi Pemba. Masomo ya stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka mitatu, na sehemu kubwa hufanyika wodini. Ada ni gharama moja tu. Zipo sare, malazi, chakula na nauli za kwenda hospitali ya mazoezi. Na kwa kijana wa Pemba anayesoma Unguja, ipo pia nauli ya boti. Mwanafunzi anaweza kulipiwa ada yote na bado akashindwa kumaliza kwa kukosa pa kulala. Mfadhili anayelipa ada peke yake huenda asijue kwamba fedha zake zimeishia njiani.

Sheria za Zanzibar zinatoa njia ya kutoa sadaka isiyokatika. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyoundwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2007, ina dhamana ya kusimamia wakfu, mali za amana, zaka na sadaka. Usimamizi wa wakfu Visiwani una historia ndefu zaidi, kwani Kamisheni ya Wakfu ya mwanzo iliundwa mwaka 1905.

Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Kinachotumika ni mapato yake. Mathalani, mwenye duka la kupangisha anaweza kuliweka wakfu ili kodi yake, baada ya kutolewa gharama za matengenezo, iwasomeshe wauguzi. Duka hubaki, wanafunzi hubadilika. Asiyetaka kuachia mali angali hai anaweza kuusia, kwa sharti la sheria ya mirathi ya Kiislamu kwamba wosia kwa asiye mrithi usizidi theluthi moja. Zaka ina mipaka yake: ina mafungu manane ya wanaostahiki, hivyo mwanafunzi huipokea kwa ufukara wake, si kwa kuwa anasomea uuguzi.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni maneno ya hati, kwa kuwa sharti la mwenye kuweka wakfu ndilo linalomwongoza msimamizi hata baada ya miaka 100. Hati inayosema "kwa ajili ya afya" inaweza kuishia kununua rangi ya ukuta. Inayotaja chuo kimoja pekee inaweza kukwama chuo hicho kikibadilishwa jina au kuunganishwa na kingine. Chama cha Uzazi cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1918 kwa michango ya wakaazi wa Kihindi na Kiarabu pamoja na fedha za serikali, kilipita katika mvutano wa muda mrefu juu ya nani mwenye kauli ya mwisho, wachangiaji au Idara ya Afya ya kikoloni.

Kwa hiyo ni vyema hati itaje kada inayokusudiwa, yaani uuguzi na ukunga. Gharama zinazolipwa, malazi na nauli zikiwemo. Namna ya kuwateua wanafunzi, na iwapo wa Pemba au wa visiwa vidogo kama Tumbatu watapewa kipaumbele. Na mahali pa kuelekeza mapato iwapo mwaka fulani hakuna mwanafunzi anayestahiki. Mwenye kukusudia wakfu wa aina hii hufika Kamisheni akiwa na vielelezo vya umiliki wa mali yake kabla ya hati kuandikwa.