Nyumba ya Kale ya Mjini Lamu

Nyumba ya Lamu ya karne ya 18 ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na uzuri wake umefichwa ndani: mtaani huonekana kuta tupu na daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya kupokelea wageni. Kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari hazizidi mita 3 hivi, vyumba vyake, viitwavyo misana, ni virefu na vyembamba, navyo hufuatana kutoka uani hadi chumba cha mama mwenye nyumba. Humo ukuta mzima umejaa zidaka, vishubaka vya lipu iliyonakshiwa kwa ustadi wa kustaajabisha, ambamo zilipangwa sahani za kaure kutoka China.