Ngome ya Tower: hukumu iliyoitangulia kesi

Ngome ya Tower iliyo kando ya mto Thames, London, wengi huijua kama gereza, lakini zamani ilikuwa pia kasri. Humo ndimo wafalme wa Uingereza walimolala kabla ya kutawazwa, na mwaka 1533 vyumba vyake vya kifalme vilikarabatiwa kwa ajili ya Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry VIII, chini ya usimamizi wa waziri wa mfalme, Thomas Cromwell. Tarehe 2 Mei 1536 Anne aliletwa tena humo kwa mashua kutoka Greenwich, safari hii akiwa mshtakiwa. Alipomuuliza mkuu wa ngome, William Kingston, kama atatiwa shimoni, aliambiwa atakaa katika vyumba vilevile alimolala alipotawazwa. Tarehe 19 alikatwa kichwa ndani ya kuta hizohizo. Nashikilia kwamba kesi iliyosikilizwa kati ya siku hizo mbili haikuitishwa kutafuta ukweli, bali kuuvika vazi la sheria uamuzi uliokwisha kupitishwa.

Ushahidi umo katika mfuatano wa siku. Tarehe 12 Mei wanaume wanne, Henry Norris, Francis Weston, William Brereton na mwanamuziki Mark Smeaton, walihukumiwa huko Westminster kwa kuzini na malkia. Tarehe 13 watumishi wa nyumba yake walianza kuachishwa kazi. Ilikuwa tarehe 15 ndipo yeye mwenyewe aliposimamishwa mbele ya makabaila 26 katika ukumbi mkubwa wa ngome, mjomba wake, Duke wa Norfolk, akiongoza kikao. Kumwachia huru kungekuwa sawa na kutangaza kwamba watu wanne walikuwa wamehukumiwa kufa bila kosa. Tarehe 17, siku wanaume hao walipouawa pamoja na George, kaka yake Anne aliyehukumiwa pia, Askofu Mkuu Cranmer aliibatilisha ndoa yake. Kama Anne hakuwahi kuwa mke halali wa mfalme, uzinzi aliofia ulikuwa dhidi ya ndoa ipi? Mahakama haikuona haja ya kujibu. Mfalme alitaka mambo mawili yasiyopatana, naye akapewa yote mawili.

Wako wanahistoria, G. W. Bernard akiwa mmoja wao, wasiokubali kwamba mashtaka yote yalikuwa ya kutungwa. Wanasema Smeaton alikiri na hakukana hadi kifo, na Anne mwenyewe alimwambia Norris kuwa yeye, Norris, anangoja mfalme afe ili ampate Anne. Hoja hizi hazifai kupuuzwa. Lakini Smeaton ndiye pekee aliyekiri, naye ndiye pekee asiye na ukoo wa kumkinga. Wenzake wenye nasaba walikana. Maneno kwa Norris yalikuwa ya hatari kweli, maana sheria ya 1534 iliweza kumfanya mtu mhaini kwa kauli tu, ila kauli kuhusu kifo cha mfalme si ushahidi wa kitanda. Hati ya mashtaka yenyewe ndiyo inayojiangusha: inamweka Anne na Norris huko Westminster Oktoba 1533, wakati Anne alikuwa Greenwich, wiki chache tu baada ya kumzaa binti yake Elizabeth. Tarehe kadhaa nyingine zina kasoro ya namna hiyo. Zaidi ya hayo, balozi Eustace Chapuys aliripoti kwamba Cromwell mwenyewe alimwambia kuwa ndiye aliyeupanga mkasa wote. Chapuys alimchukia Anne, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kubuni habari inayomsafisha. Naye Henry alimchumbia mwanamke mwingine, Jane Seymour, tarehe 20 Mei, siku moja tu baada ya Anne kuuawa.

Leo wageni huoneshwa kumbukumbu ya waliouawa na kanisa la St Peter ad Vincula alimozikwa. Ukumbi wa kesi ulikwisha kubomolewa. Ulikuwa kusini mwa Mnara Mweupe, na anayetaka kuelewa anguko la Anne aanzie hapo, kwani makabaila walioketi humo, wakijua wanachotakiwa kusema, walikisema mmoja baada ya mwingine.