Mwaka wa Kuisoma Milima ya Nyumbani

Kila mwaka unapokwisha mfanyabiashara hufunga hesabu zake, akajua alichopata na alichopoteza. Msomaji naye ana hesabu yake, lakini ni nadra kuiketia. Husoma kitabu hiki akakiweka, akachukua kile, hata mwaka ukapita bila ya yeye kujiuliza usomaji wake umemwachia nini, na, lililo gumu zaidi, umemwachia deni gani. Katika insha hii nimekusudia kutoa hesabu ya mwaka mmoja wa kusoma kwangu. Siitoi kwa majivuno, maana sehemu kubwa yake ni hasara. Naitoa kwa kuwa nimeona kwamba deni nililolikuta mwishoni si langu peke yangu.

Mimi ni mtoto wa Upare wa Kusini. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na shahada ya udaktari niliipata kwa kuchunguza tenzi za pwani. Mtu akiniuliza habari za washairi wa Pate na Lamu, naweza kuzungumza naye toka adhuhuri hata alasiri. Walakini mwanzoni mwa mwaka uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza ni jambo gani lililotokea Same mwaka 1945. Nilimjibu kwa sentensi moja niliyoikumbuka kutoka vitabu vya shule, kisha nikanyamaza. Babu yangu mzaa baba alikuwa miongoni mwa watu waliokuwako Same mwaka huo. Niliona haya. Siku ile ile niliazimu kwamba mwaka mzima sitasoma ila yaliyoandikwa juu ya Milima ya Upare, na kwamba kila likizo ya chuo nitavipandisha vitabu hivyo milimani nikavisome huko.

Mji wa Same uko tambarare, kandokando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911, inapita hapo hapo. Jua lake ni kali na mvua yake ni haba. Lakini mtu akiinua macho huona milima iliyofunikwa na ukungu, yenye migomba, kahawa na tangawizi, na kilele cha Shengena ambacho kimo chake chapita meta 2,400. Serikali ya kikoloni iliweka boma lake chini, karibu na reli. Watu wengi waliishi juu, penye maji. Utotoni sikuona maana yoyote katika mpango huo. Vitabu ndivyo vilivyonionyesha kwamba mtu wa mlimani akiwa na neno na serikali, alipaswa kwanza kuteremka.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, anaishi huko juu, upande wa Mbaga. Ana umri wa miaka 90 na macho yake yamepungua nuru. Nilipokuwa nikisoma barazani kwake aliniuliza kila mara, "Kitabu chasemaje, mwanangu?" Basi sikuweza kusoma kimya. Ilinibidi nisome sentensi, nifikiri, kisha nimweleze. Nilianza kwa heshima tu, lakini baadaye nilitambua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu.

Nilianza na vitabu vya Kijerumani, kwa mwendo wa kinyonga na kamusi pembeni. Oscar Baumann alipita katika nchi hizi akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1891. Nyuma yake walikuja wamisionari: Waadventista mwaka 1903, na Walutheri wa chama cha Leipzig. Miongoni mwa Walutheri alikuwako Jakob Dannholz, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1916. Miongoni mwa Waadventista alikuwako Ernst Kotz, aliyetoa sarufi ya Chasu mwaka 1909 na kitabu cha mila za Wapare mwaka 1922. Jina la kitabu cha Dannholz, kwa maana yake, ni Katika Kifungo cha Imani ya Mizimu. Cha Kotz ni Katika Kifungo cha Hofu. Niliyatazama majina hayo mawili kwa muda mrefu. Watu wawili wa madhehebu mbalimbali, wasiokuwa na sababu ya kukubaliana, walichagua neno moja la kutuelezea: kifungo. Nilipomfasiria shangazi alicheka, akauliza, "Na wao, hapakuwa na kitu walichokiogopa?"

Hata hivyo insafu yanidai niseme na upande wa pili. Katika sarufi ile ya mwaka 1909 nilikuta ngeli za lugha ya nyanya yangu zimepangwa kwa mpango ule ule ninaoufundisha kila mwaka katika Kiswahili. Penye wa- ya Kiswahili pana va-: Vaasu ndio watu, na Chasu ndiyo lugha yao. Nilikuwa nimedhani, kama wengi wetu, kwamba Chasu ni lugha ya jikoni na Kiswahili ni lugha ya darasani. Mgeni aliyekuja kutubadili alijifunza lugha yetu kwa bidii kuliko mimi niliyezaliwa ndani yake. Kitabu chaweza kumdharau mtu na kumhifadhi kwa wakati mmoja, na msomaji hana budi kuyaona yote mawili.

Katikati ya mwaka niliingia katika kazi za Isaria Kimambo. Huyu alikuwa Mpare mwenyewe, akapata udaktari wake katika chuo kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967. Miaka miwili baadaye kilitoka mjini Nairobi kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare toka mwaka 1500 au karibu yake hata mwaka 1900. Hapa sikukuta kifungo. Nilikuta serikali. Nilisoma jinsi Washana, wahunzi wa chuma, walivyokuwa na enzi katika Ugweno, Upare wa Kaskazini. Jinsi Wasuya chini ya Angovi walivyowapindua. Na jinsi Mranga, aliyemfuata Angovi, alivyoyatengeneza mambo ya utawala. Nilisoma pia kwamba kusini kwetu hapakuwa na ufalme mmoja kama huo, bali tawala ndogo nyingi. Miaka ile palikuwa bado na wataalamu waliosema kwamba Mwafrika asiyeandika hana historia. Kimambo aliwajibu kwa kwenda kuwasikiliza wazee, na kwa kuyapima masimulizi ya ukoo huu kwa masimulizi ya ukoo ule.

Jambo hilo lilinifurahisha, kisha likanisumbua. Maneno yale yalitoka vinywani mwa wazee, juu ya baraza kama hii niliyoketi. Yalivuka bahari yakawa tasnifu, yakapigwa chapa Nairobi, yakarudi Tanzania kwa Kiingereza. Wenye maneno hawakuweza kuyatambua yaliporudi. Simlaumu Kimambo, kwani aliandika kwa lugha ambayo ubishi ule ulikuwa ukiendeshwa, na aliushinda. Lakini vitabu vyote vilivyokuwa mezani kwangu mwaka ule vilikuwa vya Kijerumani au vya Kiingereza. Hapakuwa na hata kimoja cha Kiswahili, nami ndiye mwalimu wa Kiswahili.

Mwezi wa Desemba nilifikia lile swali la mwanafunzi. Kimambo aliandika juu ya Mbiru katika kijitabu cha mwaka 1971, akairudia katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya Wapare na uchumi wa dunia kati ya mwaka 1860 na 1960. Ni ajabu ya kupendeza kuona mwandishi mmoja akirudi nyumbani kwake kwa swali jingine. Katika kitabu cha kwanza aliuliza ni nani waliojenga dola. Katika hiki cha baadaye aliuliza ni nani waliolipa gharama.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili machifu wa Upare, kwa idhini ya serikali, walianzisha kodi mpya juu ya kodi ya kichwa. Kodi ya kichwa ilikuwa sawa kwa wote. Hii mpya ilitaka mali ya kila mtu ikadiriwe. Waliipa jina la mbiru, jina la kale la ushuru waliopelekewa watawala wa zamani. Watu hawakupumbazwa na jina. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakafika Same, wakaketi bomani, wakakataa kuondoka. Wanawake nao waliandamana, na mtaalamu wa Kimarekani Jean O'Barr alionyesha katika makala ya miaka ya 1970 kwamba hawakuwa watazamaji katika jambo hilo. Kabla ya miaka ya 1940 kwisha kodi ile ilikuwa imeondolewa.

Nilimsomea shangazi sura ile kwa jioni tatu. Mwaka ule alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Tarehe hakuijua, wala hakujua kwamba barua zilipelekwa kwa wakubwa wa ng'ambo. Alichokumbuka ni mzigo wa ndizi mbichi kichwani, njia ya kuteremka kabla ya jua kuwaka, na jinsi mji ulivyokuwa kimya usiku bila ya sauti ya baba yake. Kitabu kilijua asichokijua yeye, naye alijua kisichojulikana na kitabu. Sikuona haja ya kuchagua mmoja nikamwacha mwingine.

Jioni ya tatu, nilipofunga kitabu, aliuliza, "Jina la baba limo?"

Nilimwambia halimo. Waliokwenda walikuwa maelfu, na kitabu hakiwezi kuwataja wote.

"Basi liandike wewe," akasema.

Nililiandika katika daftari langu mbele yake, pamoja na majina mengine 6 aliyoyakumbuka ya watu wa kijiji kile. Baba yangu bila shaka aliyajua zaidi ya hayo, lakini katika uhai wake sikumwuliza, nilikuwa nikisoma mambo ya pwani. Hiyo ndiyo hasara niliyoitaja mwanzoni, na hakuna maktaba itakayonilipa.

Sasa hesabu imekwisha, na deni limebaki. Nimeanza kuiandika kwa Kiswahili habari ya Mbiru, nikiwa na vitabu vya wataalamu mkono mmoja na daftari lile mkono wa pili. Kwa wanafunzi wasomao kurasa hizi nina neno moja la kuwaomba. Mkirudi kwenu likizo hii, chukueni kitabu kimoja kilichoandikwa juu ya nchi yenu, mkasome kwa sauti mbele ya mzee, kwa lugha aijuayo. Atakapokatiza kusoma kwenu kwa swali, msiharakishe kuendelea. Wekeni kitabu chini, mchukue kalamu.